Barabara imefika kusini kabla ya hati

Shangazi yangu anaishi Likoni, mtaa usio mbali na njia ya Ukunda. Chini ya kitanda chake ana mkebe wa biskuti uliopauka rangi, na ndani ya mkebe mna risiti. Ziko za miaka ya mumewe, Mungu amrehemu, zilizoandikwa kwa wino wa buluu ambao sasa unakaribia kufutika, na ziko za mwaka huu. Nyumba ni yake: vyumba sita, ukumbi unaopita katikati, uani nyuma, baraza mbele. Kuta alizipiga lipu mwenyewe, na paa akalitoa makuti akatia mabati kwa pesa za mchezo wa kina mama. Ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo ni ya mtu ambaye shangazi hajapata kumuona kwa macho. Kila mwezi huja mjumbe wa huyo mtu na kitabu mkononi, akapokea kodi ya ardhi, akakata risiti, akenda zake.

Mombasa tunauita mpango huu "nyumba bila ardhi". Asiyeujua hawezi kulielewa soko la nyumba la mji huu, wala hatajua kwa nini ukuaji wa uchumi tunaosomewa kila siku kwenye taarifa ya habari unawatia hofu watu ambao ulipaswa kuwafurahisha.

Ukuaji wenyewe upo, siukatai. Bandari yetu ilihudumia makontena kama milioni 1.45 mwaka 2022. Mwaka 2024 ikavuka milioni 2. Kipevu pamejengwa kituo kipya cha makontena kwa mkopo wa Japani, sehemu ya kwanza ikafunguliwa 2016 na ya pili 2022. Treni ya SGR inateremsha abiria Miritini tangu katikati ya 2017. Pale Makupa, ambapo tuta la barabara liliyazuia maji kupita kwa miaka na mikaka, daraja jipya la 2022 limeifungulia bahari njia yake. Barabara ya kwenda Mtwapa na Kilifi inapanuliwa. Na tangu 2024 gari linatoka Miritini, linakamata njia ya Dongo Kundu, linapita juu ya daraja la Mteza na kutokea Kwale bila kukanyaga feri ya Likoni. Kaunti yenye kilomita za mraba 219 tu za nchi kavu inatoa karibu asilimia 5 ya pato la Kenya nzima.

Swali langu ni moja: ukuaji huu unawalaza wapi watu?

Sensa ya 2009 iliwahesabu watu 939,370 Mombasa. Ya 2019 ikawahesabu 1,208,333, ongezeko la karibu asilimia 29. Ila ukiitazama Mombasa peke yake hutauona mji unakokwenda. Katika miaka hiyo hiyo 10 Kilifi ilitoka 1,109,735 hadi 1,453,787, asilimia 31. Kwale ikatoka 649,931 hadi 866,820, asilimia 33. Jirani zetu wanakua kwa kasi kutushinda. Najua si kila aliyeongezeka ni mhamiaji. Vijiji vya Kinango na Ganze bado vina familia kubwa. Lakini pita Mtwapa, Mazeras, Mariakani, Ng'ombeni, Ukunda, utazame vyumba vinavyojengwa kila uchochoro, kisha waulize wapangaji kazi zao ziko wapi. Wengi watakujibu: mjini.

Hata ndani ya kaunti yenyewe hesabu ni hiyo hiyo. Mvita, yaani kisiwa chenye bandari ya zamani, benki, mahakama na ofisi za serikali, ilikuwa na watu 154,171 mwaka 2019. Ni mmoja kati ya kila wanane. Kisauni ilikuwa na 291,930 na Likoni 250,358. Mchana kisiwa hujaa hadi pumzi zikawa shida. Jioni kinawatema kwa Buxton, kwa feri na kwa Makupa.

Kijana mmoja niliyemjua Tudor alihamia Mtwapa mwaka jana. Ni karani katika depo moja ya makontena upande wa Changamwe. Tudor alikuwa akilipa kodi ya shilingi 9,000, Mtwapa akapata bedsita, chumba kimoja cha kila kitu, ya 5,500. Juzi tulikaa barazani tukapiga hesabu pamoja. Zamani nauli yake ilikuwa shilingi 100 kwa siku, kwenda na kurudi. Sasa ni 300, maana anashuka mjini kisha anapanda gari jingine. Kwa siku 26 za kazi, nauli imetoka 2,600 hadi 7,800. Ameokoa 3,500 ya kodi, akapoteza 5,200 njiani. Na bado hatujatia maji, kwa sababu bomba la ploti hutoa maji ya chumvi ya kisima, na ya kunywa hununua kwa mtungi.

Nilimuuliza mbona asirudi. Akaniambia, "Kaka, kodi yadaiwa kwa mkupuo, nauli naitoa kidogo kidogo." Kurudi Tudor kungemtaka kodi ya mwezi na amana ya mwezi mwingine siku hiyo hiyo, na mtu anayeishi kwa mshahara wa mwezi hadi mwezi hana shilingi 18,000 zilizolala. Kwa hiyo anakaa Mtwapa, analipa zaidi, anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Takwimu za kodi zitamhesabu kama mtu aliyepata nyumba ya bei nafuu.

Hapa ndipo ninapogombana na wachambuzi wetu wengi wa soko la nyumba. Wanatuandikia bei za Nyali na Bamburi, ghorofa za kuangalia bahari, vyumba vya kukodishia watalii kwa siku, pesa za ndugu zetu walioko ng'ambo. Hayo yapo, na pesa za ng'ambo si kidogo: mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na Pwani tunajua mabinti wangapi walioko Saudia wanaowajengea mama zao. Ila mijini, sensa ya 2019 ilikuta karibu familia nane kati ya kumi ni wapangaji. Mwenye kununua ghorofa Nyali ni mteja mmoja. Soko lenyewe ni yule karani, na muuza mahamri, na kibarua wa bandarini.

Watu kama hao Mombasa imekuwa ikiwapokea tangu reli ilipoanza kujengwa hapa 1896. Makuli walitoka Ukambani, Uluo, Utaita, Umijikenda, wengine Hadhramaut na Ngazija. Mji haukuwajengea. Mgomo wa wafanyakazi wa 1939 ulianza kwa malalamiko ya malazi, na ndipo waajiri wakaanza kutoa posho ya nyumba. Mgomo mkuu wa Januari 1947 ulipofunga bandari, shida ya maisha ya mjini, kodi ikiwemo, ilikuwa bado ile ile. Aliyewalaza wageni wale alikuwa mwenye nyumba wa mtaa wa Majengo. Alikodi kiwanja kwa mwenye ardhi, akasimamisha nyumba ya boriti za mikoko, mawe, udongo na makuti, akalala chumba kimoja na vitano akavipangisha. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba zile mwenyeji alipona kweli, na mgeni akapata pa kuweka ubavu kwa kodi anayoimudu. Hakuna mradi wa serikali uliowahi kulaza watu wengi kiasi hicho Mombasa kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Ubaya wa mpango ule uko chini ya sakafu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi Pwani. Aliyeweza kufika kwa msajili na kuthibitisha madai yake alipewa hati. Asiyeweza, au asiyepata habari, ardhi yake ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Vijiji vizima vikageuka wakaaji wasio na ardhi juu ya makaburi ya babu zao. Wachache wenye hati wakawa wenye ardhi, na mji ukapanda juu ya viwanja vyao kwa mapatano ya mdomo na risiti ya kila mwezi.

Mwenye nyumba bila ardhi hana mkataba wa miaka. Mwenye ardhi akiitaka, humpa notisi, naye huondoka na mabati yake. Ndiyo maana nyumba zile zilijengwa kwa vifaa vya kubomoleka. Benki haikopeshi juu ya ukuta uliosimama kwenye ardhi ya mwingine. Na sheria ina mtego wake. Mtu aliyekaa juu ya ardhi miaka 12 wazi wazi, bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda mahakamani kuidai. Aliyekaa miaka 50 akilipa kodi ya ardhi hawezi, kwa sababu alikuwa pale kwa ruhusa. Zile risiti shangazi anazozitunza kama dhahabu, akidhani ndizo kinga yake, ndizo zinazomfunga mikono. Nilipomweleza alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, wataka kuniambia ningekuwa mdanganyifu ningekuwa na hati?" Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima.

Watu hawakuipeleka hasira yao kwenye ile karatasi ya 1908. Agosti 1997 Likoni ilimwaga damu, na walioshambuliwa walikuwa wabara wapangaji. Watatu kati yao walikuwa wakikaa vyumba vya shangazi. Walikimbilia kanisani usiku na hawakurudi tena, na vyumba vyao vikakaa vitupu karibu miaka miwili, maana hakuna aliyethubutu kupanga Likoni. Mwenye ardhi aliendelea kupokea kodi yake. Ninalitaja kwa sababu kila uhamiaji unapoongezeka huku kwetu, maneno ya "hawa wametoka wapi" hurudi, na mimi nataka tuulize ardhi ni ya nani kabla hatujauliza mpangaji ni kabila gani.

Tazama kilichotokea kaskazini. Hadi 1980, mtu wa kisiwani akienda Nyali au Kisauni alivuka daraja la kuelea lililowekwa 1931. Ardhi kubwa ya Nyali ilikuwa shamba la mkonge. Lilipofunguliwa daraja la sasa, pande zote zilifikiwa kwa siku moja, lakini hazikufanana hatima. Nyali ilikuwa imepimwa na ina hati. Wenye hati walikopa, wakajenga, wakauza, wakajenga tena. Sehemu kubwa ya Kisauni haikuwa na hati mikononi mwa wakaaji wake. Huko watu walijenga kwa haraka na kwa hofu, nyumba zikabanana hadi gari la zimamoto halipiti, na kila baada ya miaka kadhaa zikaja habari za tingatinga alfajiri. Daraja moja, karatasi mbili. Leo, zaidi ya miaka 40 baadaye, ukisimama Kongowea unaiona tofauti ile kwa macho, paa za vigae upande mmoja na bahari ya mabati upande wa pili.

Sasa zamu ni ya kusini. Dongo Kundu imefunguliwa, eneo maalumu la viwanda linatayarishwa kando yake, na lile daraja kubwa la Likoni linalopangwa kwa msaada wa Japani linazungumzwa kila mwaka. Likijengwa, nitakuwa wa kwanza kushukuru. Nimezaliwa katika mji uliozika watu 272 katika ajali ya feri ya Mtongwe, Aprili 29, 1994, na hakuna mtu wa Likoni anayehitaji kuelezwa thamani ya daraja. Barabara siipingi. Ninacholalamikia ni mpangilio: barabara ilitangulia, hati haijafika. Lami ikipita, thamani inaingia kwenye ardhi, haiingii kwenye nyumba. Kwa mwenye nyumba bila ardhi, kila kilomita ya lami huzidisha hasara ya mwenye ardhi kumwacha pale alipo.

Na madalali wameshaelewa. Kutoka Likoni hadi Ng'ombeni, nguzo za stima zimevaa vibao vya ploti zinazouzwa. Kuna waliouziwa kiwanja kimoja watu wawili. Bei zinapanda kwa matarajio ya kazi ambazo bado hazijaja, na kazi zenyewe zina desturi ya kuondoka kabla ya bei. Mgodi wa titani wa Kwale ulifungwa Desemba 2024, baada ya kusafirisha mchanga wake kwa karibu miaka 11. Mishahara imekwisha. Mwenye kununua kiwanja leo hapewi bei ya kabla ya mgodi. Tuliliona pia Changamwe mwaka 2019, serikali ilipoamuru makontena ya bara yapakiwe reli: depo zikapungukiwa kazi, madereva wakapotea mabarabarani, watu wakaandamana, na mama lishe wakafunga vibanda. Amri ile ilipigwa vita mahakamani, na Septemba 2022 rais mpya akatangaza kuwa shughuli za mizigo zirudi Mombasa. Katika miaka ile mitatu sikumsikia mwenye nyumba hata mmoja aliyeshusha kodi kwa hiari.

Serikali ina jawabu lake: ghorofa za bei nafuu. Sheria ya Machi 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kaunti nayo imekuwa ikivunja mitaa ya zamani ya manispaa. Buxton, iliyokuwa na nyumba 520, ilibomolewa kupisha ghorofa zenye nyumba zaidi ya 1,800. Ghorofa zile ni nzuri, na waliozipata nawapongeza. Lakini nchi nzima ina mikopo ya nyumba ya benki kama 30,000 tu. Kibarua anayeitwa bandarini siku tatu kwa wiki, asiye na hati ya mshahara, hakopesheki, hata bei ishushwe vipi.

Fikiria upande wa pili. Chukua sehemu ya makato yale ununulie viwanja vilivyokaliwa. Mwenye ardhi alipwe haki yake kwa bei ya haki; naye si mwizi, ana hati, na familia nyingi zenye hati zimechoka kugombana na wapangaji kwa kodi ndogo. Kiwanja kipimwe, kigawanywe, shangazi apewe hati na kulipa kwa awamu. Akishapata hati, atakopa, na kwa kukopa atainua nyumba yake iwe ya ghorofa moja juu, vyumba 12 badala ya sita. Hizo ni nafasi sita mpya, kwa kodi ya Likoni, mahali ambapo mtu anafika kazini kwa feri bila kulipa senti. Zidisha kwa kila mtaa wa nyumba bila ardhi kuanzia Majengo hadi Mtongwe. Mimi sijaona mradi wa ghorofa utakaofikia hesabu hiyo.

Njia hii imeshajaribiwa, tena Likoni kwenyewe. Ardhi ya Waitiki, ekari 930 zilizokaliwa na maelfu ya watu, serikali iliinunua, na mwaka 2016 hati zikaanza kutolewa. Wakazi walitakiwa kurudisha gharama, na wengi wakalalamika kuwa wanauziwa walipokwisha kuishi. Kasoro zilikuwepo. Hata hivyo mtu mwenye hati ya pale leo analala usingizi tofauti na jirani yake wa ng'ambo ya barabara.

La maji nalitaja kwa ufupi, ingawa nalo ni la ardhi. Mombasa hunywa kutoka Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi kule Kwale, na bwawa la Mwache tunalolingojea liko Kwale pia. Mji hauna chemchemi ya kuutosha ndani ya mipaka yake. Tunalala Kilifi, tunakunywa Kwale, tunafanya kazi Kilindini, halafu kila kaunti inapanga mji wake peke yake, vibali vyake, ramani zake, kana kwamba mkondo wa Mtwapa ni mpaka wa nchi. Jumuiya ya Kaunti za Pwani ipo. Kazi yake ya kwanza ingekuwa kuchora ramani moja ya mji huu mmoja, na kuonyesha juu yake, kabla ya tingatinga la kwanza la daraja la Likoni, kila nyumba iliyosimama juu ya ardhi isiyo yake.

Mwezi uliopita walikuja vijana watatu na kifaa cha kupimia chenye miguu mitatu, wakakisimamisha mbele ya baraza ya shangazi. Wakamwamkia kwa adabu, shikamoo mama, wakaandika kwenye daftari, wakaondoka bila kusema wametumwa na nani. Wiki mbili baadaye alikuja yule mjumbe wa kodi ya ardhi kama kawaida yake. Alipokea pesa, akakata risiti. Jioni nilipopita kumjulia hali shangazi aliutoa mkebe, akanipa risiti ile mpya, kwa kuwa macho yake siku hizi hayasomi maandishi madogo.

"Wameongeza neno hapo chini," akasema. "Nisomee."

Chini ya kiasi cha pesa, kwa kalamu, palikuwa pameandikwa: mpaka notisi.

Nilimsomea. Aliikunja mara mbili, kama anavyozikunja zote, akaiweka juu ya zile za mumewe, akafunga mkebe.